TAHARIRI: Mabomba mapya barabarani, kutu uani

Uvira imezungumza sana juu ya maji. Tumezungumza juu ya mto Mulongwe, juu ya mtambo wa Regideso, juu ya umeme unaokatika na pampu zinazosimama, juu ya wafadhili waliokuja na wale waliokwenda. Lakini kuna kipande kimoja cha bomba ambacho hatujakizungumzia. Ni kile kinachotoka kwenye mita na kuingia uani, kikapita chini ya udongo, kando ya choo, pengine ndani ya kanivo, hadi kwenye robine ambapo mama anategesha bidoni yake. Ni kipande kifupi, mara nyingi meta kumi au ishirini tu. Katika parseli nyingi kiliwekwa zamani na waliokuwa na nyumba wakati huo, na tangu siku hiyo hakuna aliyekifukua kukitazama.

Leo tunaandika juu ya kipande hicho. Msimamo wetu ni mfupi: kubadilisha mabomba makuukuu ya nyumbani si suala la urembo wala la wenye pesa. Ni kazi ya afya ya umma. Inamhusu kwanza mwenye nyumba, lakini haiwezi kuachwa mikononi mwake peke yake, kwa sababu maji yanayopita katika bomba lake yanakunywewa na watu wengi kuliko wale wanaolala ndani ya nyumba yake.

Tunachokijua tayari juu ya maji na kolera

Mji wetu umechunguzwa kuliko miji mingi ya Kongo. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha afya ya umma na magonjwa ya nchi za joto cha London walichapisha uchunguzi uliolinganisha mambo mawili hapa Uvira: kiasi cha maji kilichotoka mtamboni kila siku, na idadi ya wagonjwa walioshukiwa kuwa na kolera waliopokelewa kwenye kituo cha matibabu, kati ya mwaka 2009 na 2014. Waliona kwamba siku ambayo mtambo haukutoa maji ilifuatiwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa hao ndani ya siku 12, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitosha. Walikadiria pia kwamba karibu robo ya wagonjwa wote, asilimia 23.2, walitokana na upungufu wa maji ya bomba.

Maana yake kila mama wa Kimanga au Kabindula anaielewa bila hesabu. Robine ikikauka, watoto wanashuka ziwani au mtoni na bidoni, na ugonjwa unapanda nao kurudi nyumbani.

Baada ya hapo kazi kubwa zilifanyika. Shirika la maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na mfuko wa Veolia walishirikiana na Regideso katika mradi wa kutengeneza na kupanua huduma ya maji ya mji: mtambo, hifadhi ya maji, mabomba ya barabarani, vituo vya umma na robine za nyumbani. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka katika njia yake na kubomoa nyumba na kuua watu, yaliharibu pia miundombinu ya maji na kurudisha mambo nyuma. Mwaka huohuo chanjo ya kolera ya kunywa ilitolewa mjini. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hata dozi moja tu iliwakinga watu kwa kiasi cha kama nusu, na kwamba kinga hiyo ilipungua kadiri muda ulivyopita.

Haya yote ni mema na tunayashukuru. Lakini angalia yanapoishia. Mradi wa mabomba unafika barabarani na kwenye mita. Chanjo inaingia mwilini, kisha nguvu yake inafifia. Kati ya mita na mdomo wa mtoto kumebaki meta ishirini za chuma chenye kutu ambazo hazimo katika mradi wa mtu yeyote.

Jinsi bomba la chuma linavyozeeka

Mabomba mengi ya zamani katika nyumba za eneo letu ni ya chuma kilichopakwa zinki. Yakiwa mapya ni imara, na fundi aliyeyachagua hakukosea. Lakini zinki inalika kidogo kidogo na maji yanayopita. Ikiisha, chuma chenyewe kinaanza kushika kutu kutoka ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Kwa kawaida bomba la namna hiyo huhesabiwa miaka arobaini au hamsini ya maisha, na katika udongo wenye unyevu na chumvi linaweza kufa mapema zaidi.

Dalili zake kila mtu anazijua, ila tumezizoea mpaka tukaacha kuziona. Asubuhi maji ya kwanza yanatoka mekundu au ya rangi ya chai, kisha yanasafika. Nguo nyeupe zinapata madoa. Bidoni iliyokuwa ikijaa kwa dakika moja sasa inachukua dakika tatu, na tunasema Regideso imepunguza nguvu ya maji, kumbe ni kutu iliyojenga ukuta ndani ya bomba mpaka tundu la nusu inchi limebaki kama tundu la kalamu. Pale kwenye kona na kwenye viungo vilivyochongwa meno, ambako chuma ni chembamba zaidi, ndipo bomba linapotoboka kwanza.

Kutu yenyewe haileti kolera. Lakini inafanya mambo mawili mabaya. La kwanza, inakula klorini. Maji yanapotoka mtamboni huwa yamewekwa klorini ili yajilinde njiani. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita. Chuma chenye kutu hunyonya klorini hiyo, na mikwaruzo yake inakuwa nyumba ya utando wa vijidudu. Maji yaliyofika kwenye mita yakiwa na ulinzi yanaweza kufika kwenye robine bila ulinzi wowote.

La pili ni matundu. Na hapa ndipo tunapowaomba wasomaji watusikilize vizuri, kwa sababu wengi wetu tunadhani bomba linalovuja linapoteza maji tu.

Maji yakikatika, bomba linanyonya

Bomba lililojaa maji yenye nguvu linasukuma kutoka ndani kwenda nje. Likiwa na tundu, maji masafi yanatoka na kulowesha udongo. Hasara, lakini si sumu. Umeme ukikatika na pampu zikisimama, mambo yanageuka. Maji yaliyomo bombani yanashuka kuelekea sehemu za chini za mji, na nyuma yake panabaki utupu. Utupu unavuta. Tundu lililokuwa likitoa maji sasa linaingiza chochote kilichopo nje: maji machafu ya kanivo, maji yaliyotuama baada ya mvua, unyevu wa udongo ulio kando ya choo. Maji yakirudi saa sita baadaye, au siku ya pili, yanasukuma uchafu huo hadi kwenye robine, na bidoni ya kwanza ndiyo inayoupokea.

Fikiria sasa jinsi mji wetu ulivyo. Tumebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Nyumba za juu na nyumba za chini ziko kwenye mtandao mmoja, kwa hiyo kila maji yanapokatika, mabomba ya juu ndiyo yanayokauka kwanza na kunyonya. Chini, upande wa Kavimvira na Kalundu, ziwa limepanda katika miaka ya karibuni. Kati ya 2020 na 2024 maji yaliingia katika parseli na kubaki humo kwa majuma, yakachanganyika na vyoo vilivyojaa. Bomba kuukuu lililolala ndani ya maji ya namna hiyo likiwa na tundu, halihitaji bahati mbaya yoyote kuleta ugonjwa. Linahitaji umeme ukatike mara moja tu.

Ndiyo maana hoja tunayoisikia mara nyingi, kwamba hakuna haja ya kubadilisha mabomba kwa kuwa maji yenyewe hayaji kila siku, inatakiwa igeuzwe. Mahali ambapo maji yanakuja saa zote, bomba bovu lina hatari ndogo. Mahali ambapo maji yanakuja na kukatika, kama kwetu, ndipo bomba bovu linapokuwa hatari kubwa.

Uchunguzi wa 2015 tulioutaja ulihesabu maji yaliyotoka mtamboni. Haukufuata bomba la kila parseli. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba kiasi fulani cha wagonjwa kilitokana na mabomba ya nyumbani. Tunachoweza kusema ni kwamba njia hii ya maambukizi inajulikana na wataalamu wa maji duniani kote, na kwamba mji wenye maji ya kukatikakatika, vyoo vya shimo vilivyo karibu na mabomba, na kolera isiyoondoka, umekusanya kila kitu ambacho njia hiyo inahitaji.

Robine moja, mtaa mzima

Mtu atasema: bomba langu, parseli yangu, tumbo langu. Hapa Uvira si kweli. Kaya nyingi hazina robine yao. Zinachota kwa jirani, kwa kulipia bidoni ya lita 20 au kwa ujirani mwema. Robine moja ya uani inaweza kuwa kisima cha nyumba nyingi za avenyu. Mwenye parseli anayeuza maji kutoka bomba lililotoboka, hata bila kujua, anagawa uchafu kwa watu ambao hawajaliona bomba hilo wala hawana haki ya kulifukua.

Ndivyo ilivyo pia kwa mpangaji. Yeye anakunywa maji ya bomba hilo kila siku, lakini si lake. Akimwambia mwenye nyumba, huenda atajibiwa kwamba nyumba ina wapangaji wengine wanaoitaka. Akitengeneza kwa pesa yake, anaweza kufukuzwa mwezi unaofuata na kuacha bomba jipya kwa mwingine. Basi anafanya kinachobaki: anafunga kiungo kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na maisha yanaendelea.

Sheria zetu hazijanyamaza. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 48, inatambua haki ya makazi yanayofaa na haki ya kupata maji ya kunywa katika sentensi moja. Tarehe 31 Desemba 2015 zilitiwa saini sheria mbili zinazofuatana kwa namba: sheria namba 15/025 juu ya kupangisha nyumba za makazi, na sheria namba 15/026 juu ya maji. Namba hizo zimelala pamoja katika gazeti la serikali, lakini uani mwetu hazijakutana. Kanuni ya upangaji ni kwamba matengenezo makubwa ya nyumba ni ya mwenye nyumba, na madogo ya kila siku ni ya mpangaji. Kubadilisha mpira wa robine ni kazi ya mpangaji. Kubadilisha bomba lililooza chini ya ardhi si kazi yake, na hakuna sababu ya kujifanya kama ni hivyo.

Mji mwingine ulifanya nini

Tatizo la kipande cha mwisho si letu peke yetu. Mji wa Newark, huko Marekani, uligundua kwamba mabomba ya risasi yanayounganisha barabara na nyumba yalikuwa yakitia sumu katika maji. Ugonjwa ulikuwa mwingine, kwa maana risasi hudhuru akili za watoto, lakini mabishano yalikuwa yaleyale: bomba hilo ni la nani, na nani alipe? Mwanzoni mpango uliwataka wenye nyumba wachangie gharama, na kazi ikaenda polepole. Wakazi wengi wa Newark ni wapangaji, na wenye nyumba wengine hawaishi hata mjini.

Mwaka 2019 wakuu wa mji waliamua mambo mawili. Walifanya kazi hiyo bila kumtoza mwenye nyumba, na walipitisha kanuni iliyowaruhusu mafundi kubadilisha bomba hata kama mwenye nyumba hakupatikana kutoa ruhusa. Katika muda usiozidi miaka mitatu mabomba zaidi ya 23,000 yalibadilishwa.

Uvira haina mfuko wa Newark, na hatutadanganya mtu kwamba utapatikana kesho. Lakini somo lake haligharimu kitu: kipande cha mwisho kikiachwa kwa kila mtu na pesa yake, hakibadilishwi. Kikihesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya mji, kinabadilishwa haraka kuliko ilivyodhaniwa.

Kazi yenyewe si siri

Wako watakaotaka kuanza bila kungoja mtu, na tunawaunga mkono. Basi tuseme wazi kazi inavyokwenda, kwa maana bomba jipya lililowekwa vibaya linazeeka kabla ya lile la zamani.

Kwanza, anza na kipande kilicho chini ya ardhi, kati ya mita na robine ya uani. Mabomba yaliyo ukutani yanaonekana, na yakivuja utajua. Lile la ardhini ndilo linalonyonya. Mwenye pesa kidogo afanye hilo mwaka huu na mengine mwaka kesho.

Pili, usifuate njia ya zamani kwa sababu tu shimo lipo. Kama bomba lilipita kando ya choo au ndani ya kanivo, lipe njia nyingine. Lilazwe kama nusu meta chini ya ardhi, juu ya mchanga usio na mawe makali. Pale linapolazimika kukatiza mtaro, lipite juu yake au ndani ya bomba jingine pana zaidi la kulilinda, na pasiwe na kiungo chochote hapo.

Tatu, chagua bomba la maji ya kunywa. Lile la plastiki nyeusi yenye mstari wa buluu linapindika, lina viungo vichache, na linavumilia ardhi inayosogea, jambo ambalo si dogo kwa nyumba zilizojengwa kwenye miteremko yetu. Bomba gumu la PVC la kugundishwa kwa gundi linafaa pia, ila liwe lile nene lililoandikwa kipimo cha nguvu linachovumilia, si lile jembamba la kijivu la kutolea maji machafu ambalo baadhi ya wauzaji hulitoa kwa sababu ni rahisi. Tena PVC isiachwe juani. Jua la Uvira huifanya iwe kama biskuti ndani ya miaka michache.

Nne, usiunganishe jipya na kuukuu katikati. Fundi atakushauri ukate sehemu iliyooza tu na kutia kipande. Nguvu ya maji ikirudi, kiungo kinachofuata ndicho kitakachopasuka. Kama kipande chote ni cha umri mmoja, kiondolewe chote.

Tano, kabla ya kufukia, maji yafunguliwe na kila kiungo kitazamwe kikiwa kikavu. Kisha bomba lijazwe maji yenye klorini nyingi, lifungwe usiku mzima, na asubuhi maji hayo yamwagwe mpaka harufu ipungue. Hatua hii mafundi wengi huiruka kwa sababu mteja hajui kuiomba. Basi iombeni.

Sita, na hata baada ya yote hayo: maji yakirudi baada ya kukatika, ya kwanza yasiwe ya kunywa. Yaoshee baraza au yamwagiwe mimea. Na ya kunywa, katika siku hizo, yatiwe klorini nyumbani. Bomba jipya linapunguza hatari. Haliondoi uchafu ulioingia katika bomba la jirani au la barabara.

"Wakati huu wa vita mnazungumzia mabomba?"

Tunalijua swali hilo, na anayeliuliza hana kosa. Mji huu umepokea wakimbizi, umewaona watu wake wakivuka kwenda Burundi, umelala na milio ya risasi. Familia iliyorudi na kukuta mlango umevunjwa haiwezi kuanza na bomba.

Lakini kolera haingojei amani. Inakuja hasa wakati wa msongamano, wakati nyumba ya watu sita inalaza kumi na wanane, wote wakichota kwenye robine moja. Goma mwaka 1994 ilitufundisha somo hilo kwa namna ambayo hakuna aliye hai wakati huo atakayeisahau: watu waliokimbia kuuawa walikufa kwa maji. Na kuna jambo lingine. Katika mambo yanayoamua maisha yetu, mengi yanaamuliwa mbali, na watu wasiotuuliza. Meta ishirini za bomba uani ni miongoni mwa machache tunayoweza kuyatengeneza wenyewe kwa koleo, fundi wa mtaani na siku mbili za kazi.

Tunachoomba

Kwa Regideso: mita isiwe ukuta wa kutotazama ng'ambo. Anayesoma mita kila mwezi tayari anaingia uani. Apewe pia jukumu la kuandika parseli ambazo bomba lake linavuja au limepita ndani ya mtaro, na mwenye parseli aambiwe kwa maandishi. Na mteja anayebadilisha bomba kwa pesa yake asisumbuliwe na malipo ya kukatiwa na kurudishiwa maji. Anaifanyia huduma hiyo kazi.

Kwa wafadhili na mashirika: kila mradi wa mtandao uwe na fungu la kipande cha mwisho, hata kama ni la bomba na viungo tu, kazi ya kuchimba ikabaki kwa mwenye parseli. Kuleta maji masafi hadi kwenye mita ya nyumba yenye bomba lililooza ni kama kupika chakula kizuri na kukipakua katika sahani chafu.

Kwa meya, machefu wa kartie na machefu wa avenyu: robine zinazouzia jirani ziwe za kwanza kukaguliwa. Hatuombi zifungwe. Ikifungwa robine mbovu bila nyingine, watu watashuka ziwani, na tunajua namba za 2015 zinasema nini juu ya hilo. Tunaomba wenye robine hizo wasaidiwe kwanza, kwa sababu pesa moja iliyotumika hapo inakinga nyumba kumi.

Kwa wenye nyumba: mnaomba miezi ya garanti kabla mpangaji hajaingia. Sehemu ya pesa hiyo iingie ardhini. Nyumba yenye maji safi haikosi mtu, na ukuta unaolowa miaka mitano kwa bomba linalovuja utakugharimu zaidi ya bomba lenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa na ukuta ni vya nyumba ileile.

Kwa wapangaji: msinyamaze, wala msiende mmoja mmoja. Wapangaji wa parseli moja waandike barua moja, wapendekeze kulipia bomba na kukata gharama katika kodi za miezi inayofuata, na makubaliano yatiwe saini mbele ya chefu wa avenyu kabla ya koleo kugusa udongo. Na sisi sote tulio katika likelemba au katika vikundi vya AVEC, ambavyo vimejenga mabanda, vimelipa shule na kuzika watu, tuweke bomba katika orodha ya mambo yanayokopewa. Parseli tano zikinunua pamoja, zitapata bei ya jumla na fundi mmoja kwa juma moja.

Kabla ya hayo yote kuna jaribio lisilohitaji barua wala mfadhili. Leo jioni, maji yakiwepo, fungeni robine zote za nyumba, ndani na nje, kisha mtoto mwenye macho makali aitazame mita kwa dakika kumi. Kama kigurudumu chake hakisogei, mshukuruni Mungu. Kama kinazunguka, hata polepole, maji yanatoka mahali fulani chini ya miguu yenu. Tone moja tu kwa kila sekunde linakaribia kujaza bidoni nzima kwa siku moja au mbili, na bidoni hiyo iko kwenye faktire yenu. Na mahali yanapotokea maji usiku huu, ndipo uchafu utakapoingilia siku umeme utakapokatika. Mkishajua hilo, mwiteni fundi.